Mwulizeni Tena

Wifi wa Nekbakht ndiye aliyemtenga Shakiba, binti wa Nekbakht, na wenzake. Wasichana wa shule walimkaribisha Shakiba chipsi, naye akakataa kwanza, kama alivyolelewa kwao Ghazni, Afghanistan, akingoja abembelezwe. Wakamgeukia wifi huyo, shangazi yake Shakiba, anayejua Kiingereza. Shangazi, aliyelelewa kwa adabu hiyohiyo na kujua maana yake, akawaambia, "Hataki marafiki huyu." Tangu hapo binti alikula peke yake, na mama yake hakuwa na Kiingereza cha kumtetea.

Nekbakht alikuwa na bolani tu, mkate uliojazwa majani ya vitunguu. Kila asubuhi alimpelekea bibi anayevusha watoto barabara pale Dandenong, Australia, walikohamia, mwenye glavu zilizotoboka na kibao cha kusimamisha magari begani kama jembe. Bibi alitikisa kichwa, Nekbakht akasukuma mkate. Akatikisa tena, akasukumiwa tena, hadi akala na kulamba mafuta kwenye glavu. Siku hizi hukataa huku mkono keshaunyoosha.

Jana wasichana wale walikuwa kivukoni na chipsi zao. Mmoja, kwa huruma tu, akamnyooshea Shakiba, naye akasema hapana, asante. Bibi akawashushia kibao mbele ya pua.

"Havuki mtu! Mwulizeni tena."

"Lakini bibi, amekataa."

"Na mimi hukataa kila siku. Tazameni tumbo hili!"

Wakamwuliza tena, na tena, wakicheka. Shakiba akachukua, akavuka katikati yao, na jioni akamtafsiria mama yake kila neno.

Bibi atashukuriwa kwa mkate. Wifi bado ana deni: kuwaambia wasichana wale, kwa Kiingereza chake kilekile, kwamba alidanganya.