Piano Yangu Iko Kwenye Kompyuta, Lakini Mguso wa Msibani Haumo

Admin, naomba ufiche jina langu, maana Nakuru ni mji mdogo na watu wa kanisa letu wako humu. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, sijaolewa, nauza nguo za watoto mtaa wa Free Area. Mkono wangu wa kulia umebaki na vidole vitatu, na hivyo vitatu havikunjiki. Mama yangu yuko mochari. Tunamzika Ijumaa, na nimekwama kwa jambo ambalo wengine mtaliona la kijinga. Chekeni tu, lakini mnisome mpaka mwisho.

Mwaka wa 2007 nilikuwa mpiga piano wa kanisa. Piano yenyewe ilikuwa kuukuu, ya mbao, tuliachiwa na familia moja ya Wahindi wa mjini walipohama. Nilikuwa na mpenzi, nitamwita Baraka, kijana wa Rongai aliyekuwa na studio ya chumba kimoja. Kwaya zikienda kurekodi kwake zilikuwa zinanung'unika kwamba kinanda chake kinalia kama cha watoto kuchezea. Ndipo akapata wazo la kuinasa piano yetu sauti moja moja, aiweke kwenye kompyuta, ili mtu akibonyeza kinanda chochote isikike piano ya kweli.

Kazi hiyo ilichosha, lakini sijawahi kufurahi hivyo tena. Nabonyeza key moja polepole, nashikilia mpaka sauti iishe yenyewe. Narudia kwa nguvu ya kawaida, kisha kwa nguvu sana, halafu naenda kwa inayofuata. Mama alikaa mlangoni kufukuza kuku na watoto, na lori likipita barabara ya Nairobi tunaanza upya. Baraka naye, headphone masikioni, alikuwa ananifanyia sura za kunichekesha makusudi, na mimi hapo sitakiwi hata kupumua. Ukisikiliza vizuri zile sauti za polepole, utajua ni msichana anayezuia kicheko.

Sasa, msibani kuna mguso mwingine. Mchungaji akiomba mbele ya jeneza, mimi nilikuwa siigongi key, naigusa tu, inashuka kwa shida, na sauti inatoka kama ya mtu aliyetaka kusema kitu akashindwa. Nilimwambia Baraka tuurekodi na huo.

"Babe, hiyo nani atatumia? Kwaya zinataka vitu za kuchangamka," akasema. "Na disk imejaa. Tukiongeza hiyo, itabidi nifute kitu."

Mama akadakia kutoka mlangoni, "Wachana na hiyo ya kilio. Hiyo huyu atanipigia mwenyewe siku yangu ikifika."

Tulicheka wote, tukafunga kanisa, tukaenda kunywa chai.

Miezi michache baadaye uchaguzi ukaja, na vita vya makabila vilivyofuata mnavijua. Kanisa lilichomwa, piano ikiwa ndani. Mimi niliinua mkono kujikinga uso, panga ikakata vidole. Mama ndiye aliyenifunga leso akanivuta mpaka kituo cha polisi, mwanamke mwembamba kama yule, sijui nguvu alizitoa wapi. Mwanzoni mwa 2008 Baraka alikuja kuniona kambini, tukiwa tunalala kwenye hema, amebeba ile kompyuta aliyokimbia nayo.

"Piano yako haikuungua," akaniambia. "Iko hapa yote."

Alidhani ananifariji. Nilimwangalia nikaangalia bandeji, nikamwomba aende. Mapenzi yetu yaliishia hapo. Kwao hawakutaka kabila langu, kwetu hawakutaka lake, na mimi sikuwa na nguvu ya kupigania mtu.

Ile piano ya kompyuta ilisambaa studio nyingi, na tangu hapo nasikia vidole vyangu kwenye nyimbo za watu, harusini, hata kwa redio ya kinyozi jirani. Nilizoea. Lakini mwezi uliopita Mama, akiwa kitandani hospitalini, alinishika mkono huu huu mbovu akasema, "Utanipigia ile yetu ya kilio, sawa?" Nikasema sawa. Ningemwambia nini?

Nimemtafuta Baraka. Ana mke na watoto wakubwa, lakini hakusita. Tulikaa studio, namtajia sauti za ule wimbo niliokuwa napiga misibani, anaziweka moja moja kwa mouse mpaka ukakamilika. Hauna kosa. Niliusikiliza nikaona aibu. Ni msichana mwenye furaha anapiga kwenye maziko ya mama yake kama vile hajaambiwa.

"Shusha," nikamwambia. Akashusha volume. Kicheko kikabaki kile kile, ila sasa ni kama kinatoka chumba cha pili. Nimejaribu pia kupiga na mkono wa kushoto kwenye kinanda chake. Gusa utakavyogusa, kompyuta inakurudishia ile ile ya polepole ya 2007. Na piano ya kweli haiwezi kufika kwa mjomba huko Keringet, shambani, tunakozika.

"Ile ya kugusa tu," nikamuuliza, "unaikumbuka?"

Baraka alivua headphone akaziweka mezani. "Naikumbuka," akasema. "Si ni mimi nilikataa."

Kaka yangu anasema, "Unajisumbua bure. Wachia hao vijana wa keyboard wapige, watu wale chakula, waende nyumbani." Labda yuko sahihi. Mimi sioni njia. Nikipeleka huu wa kompyuta, nimemzika Mama kwa kicheko. Nikiwaachia vijana, nimemdanganya akiwa anakata roho. Simlaumu Baraka, simlaumu mtu, nimechoka tu.

Nyinyi mnaosoma, nishaurini. Yule msichana wa 2007 bado anajua mamake amekaa pale mlangoni anafukuza kuku. Nimwache apige hivyo hivyo Ijumaa, au Mama ashuke kaburini bila mimi?