Plasta kwenye Jicho la Droni

Mara ya kwanza nilifeli kwa sababu ya macho. Si kwamba sioni; naona vizuri, hata uzi natunga mwenyewe. Mtahini alichukua daftari lake, akalilaza juu ya kioo cha rimoti yangu, akasema, "Sasa rusha." Bila kioo sikuwa rubani wa chochote. Droni ilielea ikifuata upepo, nami nimeinamia lile daftari utadhani litanionyesha kitu, mpaka mtahini akaniambia nishushe. Daraja la juu, alisema, ni macho kwenye ndege, siyo kwenye picha. Nilirudi Tukuyu kwa basi, nimechoka hata hasira sikuwa nayo.

Ushirika wetu wa wakulima wa chai hapa Ikuti ulinunua ile droni ili kupiga picha mashamba kutoka juu, ijulikane chai ipi inaumwa na ipi inataka mbolea. Cheti changu cha kwanza kiliniruhusu kurusha kwenye uwanja mtupu tu. Kupita juu ya mashamba na nyumba za watu kulihitaji cheti cha daraja la juu. Mwenyekiti alinipa nafasi ya pili, akaniambia bila kuzunguka kwamba nikifeli tena wataleta kijana kutoka Mbeya mjini. Mimi ningebaki na kupima majani kwenye banda la chai, kazi ambayo hata hivyo sikuwa nimeiacha: asubuhi mizani, mchana mizani, jioni ndiyo nakuwa mwanafunzi. Mume wangu ni dereva wa Fuso la ndizi, Dar kwenda na kurudi. Akija nyumbani, anakuja kulala.

Pa kufanyia mazoezi palikuwa mahali pamoja tu. Kwetu huku penye tambarare pana mgomba, na pasipo na mgomba pana waya wa umeme. Palipobaki ni malisho ya baba mkwe wangu, chini ya nyumba yake, na hapo ndipo tabu ilipoanzia.

Kwa desturi ya Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaangaliani. Hawasalimiani, hawapishani njiani, hawakai chumba kimoja. Ni heshima, ingawa mgeni anaweza kudhani ni ugomvi. Siku hizi wengi wameacha. Wapo wanaokula meza moja na wakwe zao na kutumiana vichekesho kwenye simu. Baba mkwe wangu hakuacha. Tangu niolewe sikuwahi kuuona uso wake. Nilijua kikohozi chake, nilijua mgongo wake, nilijua koti lake la mvua likipotelea migombani kila nilipotokeza. Akiwa na neno na mimi anamwambia mama mkwe, mama mkwe ananiambia, nami najibu kwa njia hiyohiyo. Nilishazoea, kama mtu anavyozoea mvua ya Tukuyu na kupanga mambo yake kuizunguka.

Basi kila jioni isiyo na mvua nilishuka malishoni, na mzee akisikia hatua zangu alikohoa, akachukua jembe lake, akaingia migombani. Siku za mwanzo tu, droni ilipopanda juu ya migomba, nikamwona kwenye kioo. Alikuwa amekaa juu ya gogo, kofia imefunika uso, akisubiri nimalize ili arudi kwa ng'ombe wake. Kisha akaanza kuinua kichwa. Nilifumba macho. Nilifumba macho droni ikiwa hewani, jambo ambalo hakuna kitabu cha urubani kinachoruhusu, na nilipoyafumbua ilikuwa imejipachika kwenye mgomba.

Usiku ule mama mkwe alikuja jikoni kwangu. Alikaa kwanza, akaonja maharage, akasema hayana chumvi. Halafu akasema lililomleta.

"Baba anauliza, kale kadude kanaangalia?"

"Kanaangalia, mama."

"Na wewe unaona kanachokiona?"

"Naona."

Alisukuma kuni ndani ya moto. "Basi kazibe jicho. Malisho hajakunyima."

Nilikasirika. Nilikuwa nimesimama kwenye mizani tangu alfajiri, kiuno kinawaka, somo la hali ya hewa sijalifungua, na sasa nizibe kamera ya ushirika kwa ajili ya desturi ambayo hata majirani zetu walishaisahau. Nilitaka kumwambia dunia imebadilika. Lakini malisho yalikuwa ya mzee, na lisilo budi hutendwa. Nilikata plasta ya kidonda, nikaibandika kwenye kamera.

Jioni zilizofuata zilinimaliza. Kioo kilionyesha weupe mtupu. Msaada wa setelaiti nao niliuzima, maana mtihani unataka hivyo, na droni isiyoshikiliwa na setelaiti ni ndama aliyekata kamba. Nilitakiwa kuchora nane angani. Nilichora vitu ambavyo havina jina. Ikigeuka kunielekea, kushoto kunakuwa kulia na vidole vinasahau. Nilivunja mapanga yake mara kwa mara, nikabadilisha nikiwa nimepiga magoti kwenye matope. Nyumbani nilisoma habari za mawingu na upepo huku ndizi zikiungulia sufuriani. Kuna jioni nilitamani nifeli haraka, nipumzike. Na migombani mzee alikohoa, sijui ni kifua au ni maoni.

Jioni moja ukungu ulishuka kutoka mlima Rungwe bila hodi. Droni ilikuwa mbele yangu, mara haipo. Niliisikia, lakini ndani ya ukungu sauti hutoka kila upande. Kamera imezibwa. Niliwasha setelaiti, ikawa inatafuta, inatafuta. Nikaanza kuwaza nitakachomwambia mwenyekiti, kwa sababu droni ile ikipotea mtihani nao umekwisha, na kijana wa Mbeya ataitwa kesho yake.

"Mama."

Sauti ilitoka migombani. Kikohozi kilitangulia, kwa hiyo nilijua ni ya nani. Sikuwahi kuisikia ikinielekea mimi.

"Mama, kako huku kwangu. Kako juu ya mgomba. Usikashushe. Kavute kwako."

Nilivuta. Vidole vilikuwa baridi.

"Kavute tena. Tena kidogo. Haya, kametoka. Sasa kashushe."

Doa jeusi lilitokea kwenye ukungu hatua chache kutoka nilipokuwa, likashuka, likatulia kwenye nyasi. Nilikuwa nimeinamisha uso kama inavyotakiwa. Sikujua kama naruhusiwa kujibu.

"Ndaga fijo, baba," niliziambia nyasi. Asante sana.

Nilisikia jembe likianza tena kulima. Nilipanda nyumbani huku nalia, na sitausingizia uchovu peke yake.

Hatukulizungumza. Kesho yake mama mkwe alisema tu, "Baba anauliza kama kalivunjika." Nikasema hakakuvunjika.

Mtahini alikuwa yuleyule, na daftari lake. Alipolilaza juu ya kioo, mabega yangu yalishuka yenyewe. Nilikuwa nimekaa na kioo kisichoonyesha kitu kwa muda mrefu kiasi kwamba sikuona nimenyang'anywa chochote. Nilichora nane yangu, nikaigeuza droni initazame, nikaitua penye alama. Akasema nimefaulu. Nilitafuta mahali pa kukaa. Sitadai kwamba mzee alinifundisha kwa makusudi. Hakujua mtihani unataka nini. Yeye alikuwa anauficha uso wake.

Kazi ya kupiga picha ilipoanza, shamba la chai la baba mkwe lilikuwamo. Nilimweleza mama mkwe kwamba safari hii plasta lazima itoke, na kama baba hapendi, anaweza kwenda kushinda kwa ndugu zake Masukulu siku hiyo, au shamba lake niliruke. Jibu lilikuja jioni.

"Baba anauliza, saa ngapi?"

"Saa nne, mama. Ukungu ukishaondoka."

Saa nne nilisimama barabarani, ng'ambo ya kilima, mahali ambapo hawezi kuniona. Droni ilipita shamba la kwanza, ikapita la pili. Ilipofika la baba mkwe, hakuwa migombani. Alikuwa amesimama katikati ya chai yake, amevaa koti la kanisani, kofia ameivua na kuishika kifuani. Uso wake alikuwa ameuinua moja kwa moja kwenye kamera.

Macho yalitaka kujifumba, kwa mazoea. Nikaisimamisha droni hewani, nikamtazama. Ni mzee kuliko nilivyodhani. Kidevuni ana kishimo ambacho mwanangu wa mwisho anacho, na siku zote nilikuwa najiuliza mtoto kakitoa wapi. Mzee hakusogea, wala hakuinamisha uso. Nilimtazama mpaka betri ikaanza kulia, ndipo nikaiita droni irudi.

Jioni nilishuka kuchota maji. Alisikia hatua zangu, akakohoa, akachukua jembe lake, akaingia migombani.