Kompyuta Isiyo na Kinywa

Leo nimeigeuza kompyuta yangu mpya pande zote, nikitafuta mahali pa kuingiza CD.

Hakuna.

Niliichagua kwa sababu ni nyembamba kama daftari. Ile ya zamani ilikuwa nzito, na mume wangu ndiye aliyekuwa akinibebea. Alipofariki ikanishinda begani. Nikaipeleka kwenye maduka ya Birere, nikabadilisha.

Sasa asubuhi hii mama mkwe amefika na CD ya ndoa yetu, ameifunga ndani ya kitenge. Anataka tumsikie mwanawe.

Akapapasa kompyuta pembeni, polepole.

“Mutoto yangu, hii mashini haina kinywa. Itakula namna gani?”

Tulicheka. Kisha kila mtu akatazama upande wake.

Katika CD hiyo padri anauliza, na mume wangu anajibu “ndiyo” kabla swali halijaisha. Kanisa lote linacheka.

Kicheko cha watu bado ninakisikia. Sauti yake ndiyo imeanza kunitoka.

Mama bado ameketi hapa. Amekataa chai.

Nani ana mashini ya zamani, yenye kumeza CD? Aniandikie. Tunakuja sasa hivi, hata kama ni mbali kule Mugunga.