Kikapu cha Mama cha Kwenda Mombo

Enzi zetu safari haikuanzia stesheni, ilianzia mgombani. Wenzangu mliokula mtori wa kupikwa chunguni mtanielewa. Hawa wa leo siwalaumu, hawakuona.

Juzi mjukuu wangu Glory na mumewe Kelvin walifika kutoka Dar, wakajaza sebule yangu mabegi ya magurudumu. Wamepanga tupande treni hapa Moshi tushuke nayo bondeni, tuitazame milima ya Upare na Usambara kupitia dirishani, wapige picha, tupumzike. Na mimi wananichukua. Begi moja la Glory ni viatu vitupu. Jingine limejaa nyaya za kuchajia simu. Nikauliza, "Na chakula?" Kelvin akasema, "Bibi, humo ndani kuna kila kitu, hata chipsi." Nikauliza, "Na cha kumpelekea mwenyeji?" Wakatazamana. Glory akacheka, "Bibi jamani, hatuendi kwa mtu! Tunaenda kuona milima."

Hatuendi kwa mtu. Neno hilo lilinikaa kifuani, nikaacha kukunja kanga zangu nikakaa kitandani.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule Kibosho, Mama akisema "mwaka huu tunakwenda Mombo," nyumba nzima ilibadilika harufu. Aliingia mgombani mwenyewe, hakumtuma mtu, akachagua mikungu kama anachagua mchumba. Ndizi zilifungwa za rika tatu. Chini kabisa ya kikapu zilikaa mbichi, ngumu kama kuni, za mwenyeji, ili ziive mikononi mwake yeye. Juu yake zilifuata zilizoanza kugeuka rangi. Juu kabisa zilikuwa za kuchoma, zimefungwa kwa majani makavu ya mgomba, hizo ni za kula njiani. Nguo zilikaa mbali kwa sababu ya utomvu. Utomvu wa ndizi ukishagusa gauni la Jumapili umekwisha, utavaa doa lako mpaka ndoa. Kibuyu cha maziwa ya mgando kilifungwa kamba shingoni kama mbuzi. Kuku naye alifungwa miguu, akalaumu tangu asubuhi.

Mama hakuwahi kupanda treni, lakini vituo alivijua kwa moyo. Alifundishwa na Mama Hadija, mama mmoja Msambaa aliyekuwa akileta matunda ya Lushoto sokoni Moshi. Mama alivitaja akipepeta maharage kama mtu anayesali rozari: Kahe, Lembeni, Same, Makanya, Hedaru, Buiko, Mkomazi, Mombo. Sisi watoto tukavidaka. Tulikalia magome ya migomba, mmoja nyuma ya mwenzake, tukateleza mteremko wa kwa jirani yetu Valeriani tukipiga kelele, "Same! Wanaoshuka Same!" Mbele alikaa Akwilina wa Valeriani, yeye ndiye alikuwa injini kwa sababu ya mapafu yake. Kaka yangu Stefano alikata tiketi za majani ya kahawa. Tulifika Mombo mara nyingi sana kwa matako, kaptura na magauni yakaisha, tukapigwa.

Huko Mombo kulikuwa na nani? Kulikuwa na dada yetu Felista, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu. Mimi ndiye kitinda mimba, alinibeba mgongoni mpaka nikajua kukimbia. Felista alimpenda Rajabu, kijana wa Kisambaa aliyekuwa fundi wa reli pale Moshi. Baba akakataa. Si dini yetu, si watu wetu, na mahari hayajazungumzwa. Asubuhi moja Felista aliteremka mjini kuuza maziwa, hakurudi. Alikuwa amepanda treni na Rajabu kwenda kwao, juu ya Mombo, upande wa Soni.

Baba alisema neno moja tu: "Aliyepanda treni bila kuniaga, treni ndiyo baba yake. Ikamlee." Akapiga marufuku jina la Felista lisitajwe ndani ya kihamba chake, yaani shamba letu la ukoo lenye nyumba na migomba. Sasa jamani, kwetu mzazi huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Kila aliyepita njiani alisema, "Habari za asubuhi, Baba Felista." Na kilabuni kwenye pombe ya mbege, "Mpokeeni Baba Felista kata." Jina alilolifukuza nyumbani lilimngoja kila njia panda.

Felista hakutusahau. Kila msimu Mama Hadija alipanda mpaka kwetu na kikapu cha mapeasi kichwani. "Shikamoo Baba Felista, mwanao anakusalimu." Baba alichukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe. Mapeasi tulikula sisi. Yalikuwa baridi, matamu, maji yakitiririka mpaka kwenye kiwiko. Baba hakuonja hata moja.

Basi Mama akawa kila mwaka anafunga safari. Kahawa ikishachumwa, shule zikifungwa, kikapu kinajazwa. Halafu anasimama mlangoni, "Baba Felista, kesho kuna treni." Mwaka huu atajibu, "Nani atakata majani ya ng'ombe?" Mwaka unaofuata, "Kahawa ikauke kwanza." Mwaka mwingine hajibu, anakohoa tu. Na enzi zile mwanamke hakuondoka bila kauli ya mumewe. Mama alikifungua kikapu kimyakimya, ndizi za njiani tukagawiwa sisi. Tuliila ile safari tukashiba. Mama hakuila. Zile mbichi zilikaa uvunguni mpaka zikaiva zenyewe, nyumba nzima ikanukia ndizi za mtu ambaye hayupo.

Hapo niwaeleze wasio Wachaga. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, tunaupanda mipakani na kwenye makaburi ya wazee. Mtu akimkosea mwenzake, humpelekea jani la isale limefungwa fundo. Aliyeletewa isale hakatai. Hata kama moyo unawaka, atasamehe. Hatulichezei.

Mwaka mmoja Mama alikuwa amepiga magoti anafunga kikapu kama kawaida, mimi namshikia kamba. Baba akaingia kutoka shambani, miguu ina tope la mfereji. Akainama, akaweka juu ya ndizi za kuchoma isale lililofungwa fundo, akatoka. Mama aliliangalia lile jani, mikono imesimama hewani. Halafu akaniambia kwa sauti ndogo, "Mina, nenda kaoge. Oga vizuri. Safari hii tunakwenda."

Tuliteremka alfajiri, Stefano amebeba kikapu, tukapita Shirimatunda wakati huo ni mashamba tu. Mama alikuwa anaongea, mama ambaye hakuwa mwongeaji! Atamwambia Felista hivi, atamwambia vile, atamfundisha kupika kiburu vizuri kwa sababu aliondoka kabla hajakijua. Pale stesheni akanunua soda, tukanywa mimi na Stefano kwa zamu.

Treni ya kutoka bondeni iliingia kwanza. Watu wakashuka, na katikati yao akashuka Mama Hadija. Mimi nilimkimbilia nikitafuta mapeasi. Hakuwa na kikapu kichwani. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama wanawake wanavyojifunga msibani. Alimwona Mama, akafungua mdomo amwite kama alivyozoea kumwita, Mama Felista. Ile "Mama" ikatoka. Jina lenyewe likamkwama.

Mama alikaa chini, kando ya kikapu chake. Baadaye nikasikia Mama Hadija akisema taratibu, "Ni homa, dada yangu. Siku chache tu. Tumemzika juzi. Nilikuwa napanda kwenu kuwaambia." Akwilina angekuwepo angepiga yowe kwa niaba yetu sote. Mama hakupiga.

Stefano, maskini, akainua kikapu ili turudi nyumbani. Mama akamshika mkono. "Weka chini. Isale likishatumwa halirudi nyumbani. Wewe nenda kamwambie baba yako. Mina, twende."

Tukapanda. Ile safari aliyoifunga miaka yote, ndiyo hiyo. Mama alikaa dirishani, kikapu miguuni, kichwa ameinamisha kwenye lile jani, hakukiinua. Treni ilipoanza kutembea akanisukuma mimi nikae dirishani mahali pake. Akasema, "Angalia wewe. Uniangalizie."

Basi nikamwangalizia. Nilimwambia, Mama, Kibo kiko nyuma yetu, kina theluji mpaka mabegani. Mama, tumefika Kahe. Mama, Lembeni, kuna mtu anauza asali. Mama, milima ya Upare imesogea karibu, ina nyumba juu kabisa, sijui wanapandaje. Same. Makanya, ardhi nyekundu. Hedaru, kuna mtoto ananipungia mkono. Yeye anaitikia tu, "Eeh." Kila kituo, "Eeh, mwanangu." Buiko. Mkomazi, mlima umekatika, halafu milima mingine imeanza, mirefu kama ukuta, hiyo ndiyo ya Usambara. Ndiyo maana watu hushangaa ninavyokumbuka majina yote. Nilipewa niyashike nikiwa mdogo, na aliyenipa alikuwa hawezi kuinua macho.

Rajabu alitupokea, kijana amekonda, akapiga magoti, "Shikamoo mama." Mama alimshika kichwa. Tukapanda mpaka kwao. Kaburi lilikuwa bichi, chini ya mti wa mapeasi. Mama akalifungua lile fundo, akachomeka jani penye kichwa, Rajabu mwenyewe akashika jembe akalizungushia udongo. Zile ndizi mbichi Mama aliwaachia wenyeji. Zikaive mikononi mwao.

Tuliporudi, Baba alikuwa amesimama kwenye mfereji, pale njia inapoingia kihambani. Sijui alisimama tangu lini. Alijua kila kitu, Stefano alishamwambia. Alimuuliza Mama swali moja, "Amelipokea?"

Mama akamtazama. "Amelipokea, Baba Felista."

Baba akaingia mgombani. Ng'ombe walilia mpaka wakachoka, hakutoka. Msimu uliofuata Mama Hadija alileta mapeasi kutoka kwa Rajabu, ya mti ule. Baba alinyoosha mkono akachukua moja, akalila mbele yetu, akala hadi mbegu.

Wote wamekwenda. Treni nayo ilikwenda, miaka mingi nyasi zikaota kwenye reli, tukasema haitarudi. Imerudi. Na watoto wetu wanaipanda kwa raha zao, Mungu awabariki, wanajipiga picha wameupa mlima mgongo. Begi jepesi, linaviringika lenyewe. Enzi zetu milima ilikuwa njia ya kumfikia mtu, na mzigo ulikuwa mzito kwa sababu mtu huyo alikuwa anangoja. Leo njia ndiyo safari yenyewe, na hakuna anayengoja. Nami sijui nani mwenye heri.

Nilimsimulia Glory haya jana tukiwa jikoni. Hakucheka. Alikwenda sebuleni, akatoa viatu vyote kwenye lile begi, akarudi nalo, akaniuliza, "Bibi, zile mbichi zinakaa chini, eti?" Nikamwonyesha. Kisha nikatoka mpakani nikakata isale moja, nikaliweka juu bila fundo. La kumsalimia Felista tu.

Nimemwambia Kelvin tukae upande wa kushoto wa behewa, huko ndiko milima iliko. Macho yangu yana ukungu siku hizi, daktari anasema ni mtoto wa jicho, naona mwanga na vivuli. Majina ninayo yote. Mimi nitayataja kuanzia Kahe, nikifika Mombo nitanyamaza.

"Dirishani ukae wewe, Glory," nimemwambia. "Angalia wewe. Uniangalizie."