Orodha ya Dukicha na Mchezaji wa Kumi na Tisa

Jua la Januari halijachoma bado, na soko la mifugo la Garsen limeshajaa vumbi. Dukicha Barisa ameshika nundu ya fahali, lakini macho yake yako uwanja wa mpira, upande wa pili wa ua.

"Miguu mizuri sana," anasema.

Mnunuzi anadhani anayesifiwa ni fahali.

Dukicha, mwenye miaka arobaini na sita, ni dalali wa ng'ombe. Sokoni wanaapa kwamba aliwahi kuonja chai tu akamtaja ng'ombe aliyekamuliwa, na mama yake. Mwenyewe hajawahi kukanusha.

Kila ng'ombe akiuzwa, hupata shilingi hamsini. Kazi isiyomlipa hata senti ni orodha yake. Tangu 1993 huwapanga wachezaji ishirini, kuanzia Kipini hadi Minjila, bora hadi wa mwisho, na kuipeleka orodha kwa Hudson, kocha wa chuo kimoja cha ufundi Mombasa. Anayechukuliwa husoma bure.

"Watu waliniamini kama mizani," asema.

Mwaka jana, 1998, mizani ilidanganya. Gershom wa Minjila, namba moja, alirudi nyumbani muhula haujaisha. Abdiwahid, namba kumi na tisa, alikwenda Mombasa kumwona mjomba wake, akaomba ajaribiwe. Leo ndiye nahodha wa chuo.

Dukicha alitafuta kosa mwezi mzima. Orodha huiandika kiangazi, wafugaji wakishuka mtoni. Siku ya kuwapima, Gershom alikuwa ametoka kwao, tumbo limejaa wali na samaki. Abdiwahid alikuwa ametembea siku nne nyuma ya ng'ombe kutoka Wayu.

"Ng'ombe katoka njiani, humpimi siku hiyo. Mpe maji, mpe siku tatu. Hilo nalijua tangu sina meno! Kwa binadamu nikasahau."

Safari hii barua ya Hudson ni fupi: "Mzee, nipe jina moja, lifike Jumatatu. Huyu naye akirudi, usiniandikie tena."

Uwanjani leo Jumamosi, Kahindi, fundi wa baiskeli, ameshafunga mabao matatu. Suleiman, aliyefika jana na ng'ombe kutoka Wayu, anachechemea.

"Andika Kahindi, mzee!" watazamaji wanapiga kelele. "Huyo Suleiman hata mbuzi wa jirani yako Mbodze anampita!"

"Mbuzi wa Mbodze ametoka Wayu kwa miguu?" Dukicha anawauliza.

Basi la Mombasa linapiga honi. Mkewe, Kadra, muuza chai langoni mwa soko, anamletea bahasha. "Baba Darmi, utaandika ama utaitafuna hiyo kalamu?"

Dukicha anaandika mistari miwili, anamsomea: Jumanne wote wawili watacheza tena, wamepumzika, wameshiba, jina litafika Jumatano.

"Na Hudson akikataa kungoja?"

"Nafasi itapotea, na lawama ni yangu. Lakini jina la kubahatisha silipeleki tena."

Kadra anampa konda bahasha. "Na huyo Suleiman atashiba kwa maziwa ya nani?"

"Yako."

"Nilijua tu!"

Mpango wa Dukicha sasa ni kumtazama kila mchezaji mara mbili kwa mwaka, kiangazi na baada ya mvua, "hata kama Kipini nitafika kwa kutambaa."

Warsame, mfanyabiashara wa Madogo, anamwonyesha kwa kidole dume lililoletwa auze, lililoingia alfajiri kwa miguu, mbavu zikihesabika. "Warya, wewe bwana, hili nalo unauza ama unazika? Nakupa bei ya mbuzi."

Dukicha anasimama mbele ya dume lile.

"Huyu hatazamwi leo," anasema. "Njoo Jumanne."