Mwenzake wa Bandani

Mama alifuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba yetu mlimani. Waliishi bandani, kama wafugavyo wengi huku, wakiletewa majani na migomba iliyokatwakatwa. Mkubwa alikuwa mzee, maziwa yameshakauka. Mdogo alijifunza kila kitu kwake. Panga likilia kwenye mgomba, mkubwa alirudi nyuma kupisha hori lijazwe, na mdogo naye akarudi. Wakati wa kukamuliwa alitulia, mradi mwenzake anacheua pembeni.

Mama alipofariki, baba wadogo walikaa kuamua ng'ombe wa kulisha waombolezaji. Wakamchagua yule mzee. "Hatoi kitu huyu. Mkono mtupu haulambwi," alisema mmoja wao. Hasira zilinipanda, lakini msibani nani atabishana na wakubwa? Tukamla.

Watu walipotawanyika, mdogo akawa kama hajawahi kufugwa. Panga likilia, alijibana ukutani. Ndoo aliipiga teke, na maziwa yakakatika. Bwana mifugo alimpima akasema hana ugonjwa wowote.

"Huyu amefiwa," alisema, akawasha pikipiki yake akaondoka.

Baba naye hakuwa na ugonjwa. Aliingia jikoni akasimama tu, hajui amefuata nini. Dawa zake za presha alizimeza mara mbili, au asizimeze kabisa. Miaka yote mama ndiye aliyekuwa akimwambia: mzee, koti lako, mzee, dawa. Kila Jumamosi nilipopanda kutoka Moshi nilikuta amesahau kitu kingine, na niliogopa kwamba siku moja nitapanda nikute amenisahau na mimi.

Aliyetuhurumia ni jirani, mama mtu mzima. Alitukabidhi ng'ombe wake mzee tukae naye, maana kuwekeshana mifugo ni jambo la kawaida kwetu. Mdogo alimnusa shingoni kwa muda mrefu. Asubuhi baba alipokata mgomba, mgeni alirudi nyuma kupisha, na mdogo naye akarudi nyuma. Nikachuchumaa na ndoo. Maziwa yakaja, machache, lakini yakaja.

Nilicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba. "Baba, umeona? Amekumbuka!"

Baba alikuwa amesimama mlangoni, panga bado liko mkononi.

"Nimeona, mwanangu," alisema. "Na mimi mtaniletea nani?"