Siku Baba Alipokamata Chandarua

Baba yangu hakuwahi kukataa kitu cha mgeni. Alikuwa ofisa uvuvi mstaafu, mkali kwa wavuvi wa ziwani kuanzia Bangwe hadi Ilagala, lakini ukimletea ndizi iliyooza nyumbani kwake ataila mbele yako na kukushukuru. Adabu hiyo nusura imzike.

Aliteleza kwenye mawese yaliyomwagika uani kwetu Rusimbi, akavunjika mguu. Hospitalini wakamfunga plasta na kumpa vidonge vikali vya maumivu, vya jamii ya morfini. Maumivu yakatulia. Choo nacho kikatulia, mpaka tumbo likaanza kumsokota.

Tuliporudi nyumbani ndipo wakaja wageni. Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, na siku hizi watu wamechoka kubeba machungwa. Wanabeba vidonge vilivyobaki nyumbani kwao. Shangazi, dada yake baba, alitoka Ilagala na vidonge vya msokoto wa tumbo. Jirani akaleta vya kuwashwa, eti vinaleta usingizi mzuri. Kila walipotoa, baba alimeza mbele yao huku akiwaombea dua. Na akaendelea na vile vya hospitali.

Kesho yake mchana nikamkuta anakagua chandarua. Alipitisha kidole kwenye matundu, akanikazia macho.

"Wavu huu ni haramu! Matundu yake madogo mno. Nahodha ni nani hapa?"

"Ego, ndiyo, ni mimi, kaka," akajibu shangazi, akicheka hadi machozi.

Baba akamweka chini ya ulinzi. Majirani wakaja kutazama kesi, mmoja akajitolea kuwa shahidi. Shangazi akatangaza kwamba dawa zake zimemrudishia kaka uchangamfu. Nami nilicheka, tena sana.

Kisha nikaenda kumwaga kopo lake la mkojo, nikalikuta kavu. Lilikuwa kavu tangu jana yake. Nikamgusa tumbo la chini, limevimba na kuwa gumu, naye akapiga ukelele. Hapo niliogopa kweli.

Hospitalini daktari aliuliza amemeza nini. Shangazi akafungua pindo la kanga, vidonge vikamwagika mezani. Daktari akashika kichwa. Alisema dawa ya maumivu peke yake hupunguza mwendo wa utumbo na kubana mkojo. Hizi nyingine nazo hufanya hivyohivyo, tena huvuruga akili za mzee. Zikikutana, utumbo unaweza kusimama kabisa, na usingizi ukawa mzito wa kutisha.

"Mzee, nani alikuandikia hizi?"

"Wageni wangu," baba akasema kwa fahari.

Wakamwekea mpira. Mkojo ulipoanza kushuka kwenye mfuko, shangazi akapiga kigelegele katikati ya wodi, na wanawake waliouguza wagonjwa wa vitanda vya jirani wakamwitikia bila kujua sababu. Baba akafumbua macho, akauliza nani ameoa.

Shangazi alikuwa amejifunika kanga usoni, analia kwa sauti, na mimi nilikuwa nimeushika mguu wa baba ule mzima, kwa mikono yote miwili, nesi ananiambia niachie na mimi siachii.